Pikapu Ambayo Mama Hakuiinulia Mkono

Karatasi zilikuja nyumbani ndani ya mfuko wa unga wa ngano uliokunjwa mara mbili na kufungwa kwa ukanda uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Mama alizitoa kikapuni kabla hata ya kufungua leso kichwani, akaziweka mezani juu ya barua ya kuomba kazi niliyokuwa nikiiandika.

"Soma hizo," alisema. "Halafu utuambie kama hiyo gari itatufikisha."

Nyumbani tulizungumza Kikamba, na hapa ninamweka katika Kiswahili kama ninavyomsikia hadi leo: maneno machache, kisha anaondoka kwenda kuangalia sufuria, kana kwamba jambo limekwisha.

Kwangu halikuwa limekwisha. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya historia, somo ambalo watu wa kwetu upande wa Mwala walilipenda kwa mbali, kama mtu anavyofurahia mvua ya wilaya nyingine. Nilishinda nikiandika barua za maombi. Nilikuwa na tabia ya kutuma barua posta, kisha nikifika nusu ya njia ya kurudi nageuka kwenda kumuuliza karani kama angeweza kunirudishia, kwa sababu sikuwa na hakika kama nilitia sahihi. Tabia hiyo haikuanzia chuoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikifunga banda la kuku jioni, naingia ndani, natoka tena kwenda kulitazama komeo, naingia, natoka. Mama alijaribu kunigombeza, ikashindikana. Mwishowe akawa anatoka nami, anashika mkono wangu, anauweka juu ya komeo, anasema, "Imefungwa," na hapo ndipo nilipoweza kula.

Sasa alikuwa ameniletea gari.

Mama alikuwa mwenyekiti wa mwethya wa kwetu. Ni kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuchimbiana matuta, na miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamejenga bwawa la mchanga kwenye mto wetu, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka huwa ni mchanga mtupu. Bwawa lilipoanza kushika maji chini ya mchanga, walifanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kule chini kwenye joto: walipanda nyanya. Zikakubali. Taabu ikawa kuzifikisha sokoni. Kreti zilikwenda kwa mkokoteni wa punda hadi kwenye lami, zikangoja, kisha zikapandishwa juu ya basi pamoja na vitanda na baiskeli za watu. Zilipofika Machakos, upande wa chini wa kreti ulikuwa unadondoka maji. Mweka hazina wa kikundi, jirani yetu ambaye mdomo wake ulijulikana hadi kwenye lami, alikuwa akisema nyanya za Mwala huuzwa kwa kijiko. Lakini msimu ule hata yeye alimwaga kreti zake kando ya barabara akarudi nyumbani na mbao tupu, na kwa siku kadhaa hatukumsikia.

Basi wakaamua kununua pikapu. Walikuwa na akiba ya muda mrefu, na kule Athi River, kwenye viwanda vya EPZ vinavyoshona nguo za kuuzwa nje, kulikuwa na kina mama waliowapikia wafanyakazi chakula cha mchana na ambao wangechukua nyanya zote kama zingefika asubuhi zikiwa nzima. Kikundi kilikuwa na desturi yake, ya tangu kabla ya bwawa: jambo la kuwafunga wote huamuliwa kwa mikono. Mkono mmoja ukibaki chini, jambo hilo haliendi, na mwenye mkono haulizwi sababu mbele ya watu. Mwenyekiti huinua wa mwisho, ili asiwavute wengine. Na kwa kuwa mama hakujua kusoma Kiingereza cha serikali, alikuwa amewaambia wenzake kwamba mkono wake ungefuata atakachosema mtoto wake.

Hilo nililijua baadaye kidogo. Kama ningelijua nikifungua ule mfuko, nadhani ningeukimbia.

Zilikuwa karatasi za ukaguzi, au inspeksheni kama kila mtu alivyoita. Gari la kubeba mizigo lilitakiwa kupelekwa kila mwaka kukaguliwa ndipo lipewe stika ya kioo cha mbele. Mwenye pikapu hii alikuwa ametunza karatasi zote tangu ainunue. Kila moja ilikuwa na orodha ileile iliyopigwa chapa, breki, usukani, taa, tairi, springi, chesisi, na kando ya kila kitu kisanduku cha alama na nafasi nyembamba ya maelezo.

Karatasi za kwanza ziliandikwa na mkono mmoja. Sikumjua mtu huyo wala jina lake halikusomeka, lakini nilianza kumpenda. Alikandamiza kalamu kiasi kwamba niliweza kuzisikia alama zake kwa kidole upande wa pili wa karatasi. Kila kisanduku alikitia alama yake peke yake, na hakuna mbili zilizofanana. Mwaka mmoja aliandika kando ya chesisi: kutu, nyuma kushoto. Mwaka uliofuata: ufa, nyuma kushoto, irudishwe ikishatengenezwa, na nyuma yake kulikuwa na karatasi ya pili, iliyosema imechomelewa na yafaa. Kisha mwaka mmoja kimya. Kisha: ufa tena, karibu na pale palipochomelewa. Ikarudishwa, ikatengenezwa, ikapita.

Baada ya hapo kituo kilibadilika, na mkono pia ukabadilika. Karatasi za miaka ya mwisho hazikuwa na alama moja moja. Mtu huyu mpya alikuwa ameweka kalamu kwenye kisanduku cha juu kabisa na kuivuta hadi cha chini, mstari mmoja mrefu, kisha akatia sahihi. Chesisi ilikuwa ndani ya mstari huo pamoja na taa na honi. Nafasi ya maelezo ilikuwa nyeupe.

Nilikaa na karatasi hizo siku nzima. Nilizipanga kwa miaka, nikazipanga upya kwa vituo. Chuoni tulifundishwa kumuuliza kila mwandishi wa zamani alikuwa wapi, aliona nini kwa macho yake, na alikuwa na haraka gani, na sikuwahi kupata mahali pa kuyatumia hayo mpaka nilipopata pikapu. Nikagundua jambo lililonitia kiwewe: karatasi ambazo gari lilishindwa zilinituliza. Nilijua kulikuwa na mtu chini ya gari, na tochi, na kwamba alichokiona alikisema. Zile ambazo gari lilipita zilinifanya niinuke kitini.

Mama aliporudi kutoka bwawani alisimama mlangoni akanawa miguu, akauliza kama gari ilipita au haikupita.

"Ilipita," nikamwambia.

"Sasa?"

"Hapo ndipo penye wasiwasi."

Alinitazama kwa muda, maji yakimdondoka kwenye vidole. Kisha akasema kesho twende mjini tukaione yenyewe.

Tulikwenda watatu, mama, mweka hazina na mimi. Mwenye pikapu alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Machakos. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, lakini yeye alizaliwa mjini hapohapo, alijua Kikamba kuliko mimi, na kwa kina mama wa kwetu hakuwa mtu wa kushukiwa. Saruji ya bwawa ilitoka kwake. Ni pikapu hiyohiyo iliyoileta, mzigo baada ya mzigo, katika ile njia yetu ya mawe. Alikuwa akiiuza kwa sababu wanawe walikuwa wamenunua lori na hawakutaka tena kuiendesha.

Ilikuwa ya bluu iliyofifia, imeoshwa. Mama aliizunguka akaweka kiganja juu ya ubao wa nyuma, akakiacha hapo.

"Hii ndiyo ilituletea simiti," alisema.

"Ndiyo hii," mzee akamjibu. "Na haikulala njiani hata siku moja."

Alikuwa amemwita fundi wa karibu aje atuonyeshe. Fundi alitandika gunia, akaingia chini, nami nikalala kando yake na shati langu la pekee la kuendea usaili. Chini yote ilikuwa imepakwa kitu cheusi kama lami. Fundi alikwangua kwa bisibisi mahali palipochomelewa, tukaona kipande cha chuma kimekaa vizuri, kipana, hakina ufa. Lakini ufa wa pili, kwa jinsi karatasi ilivyosema, ulikuwa mbele kidogo ya hapo, palipofichwa na kishikizo cha springi. Ili kupaona ingebidi kuinua bodi yote ya nyuma ya kubebea mizigo. Fundi aligonga chuma kwa spana, akasikiliza, akasema inalia vizuri. Nikamuuliza mbaya hulia vipi. Akafikiri, akasema mbaya hulia vingine.

Nilitoka chini nikiwa na vumbi na swali moja. Nilijua ni la kukosa adabu, nikalizungusha. Nilimuuliza mzee kwa nini alibadilisha kituo cha ukaguzi.

Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika, ningejua la kufikiri. Alituagizia chai, akaeleza kwamba kule kwa kwanza walikuwa wakimrudisha rudisha, na pikapu ikikaa siku mbili bila kubeba, duka nalo linakaa bila kazi. Jirani akamwambia kuna kituo kingine, mbali zaidi, lakini hakina foleni. Akaenda huko.

"Na kule," nikamuuliza, "waliingia chini ya gari?"

Mzee alikoroga chai yake.

"Mwanangu, nikikwambia waliingia nitakuwa nakudanganya, na nikikwambia hawakuingia pia nitakuwa nakudanganya. Mimi nilikuwa nje nakunywa chai kama hii."

Kisha, kwa kuwa alikuwa ameamua kusema kweli, akasema na nyingine. Tairi za mbele zilizopita ukaguzi wa mwisho hazikuwa zake. Alikuwa ameziazima kwa ndugu yake kwa siku moja, akazirudisha jioni. Zilizopo sasa alizinunua baadaye, ni nzima, tunaweza kuziona. Alilisema kama jambo la kawaida, na lilikuwa la kawaida. Baadaye niliwauliza watu wengi wenye magari na kila mmoja alikuwa ameazima kitu siku ya inspeksheni, hata kama ni jeki na kizima moto.

Lakini mimi nilikuwa nimeshikilia karatasi mkononi, na alama ile ya tairi ikaanza kunipotezea maana. "Sasa hii tiki," nilisema, "ni ya gari gani?"

Mweka hazina alicheka hadi chai ikamwagikia leso. "Wewe Digrii," alisema, maana ndilo jina alilonipa, "kwani siku ya kupewa hiyo digrii ulivaa viatu vya nani?"

Vilikuwa viatu vya mume wake. Mzee alicheka, fundi alicheka, na mama alitabasamu akitazama chini. Mimi pia nilicheka. Lakini njia nzima ya kurudi nilifikiria kwamba viatu vile vilinibana, kwamba katika picha havionekani kunibana, na kwamba mtu akiitazama picha ile atasema huyu kijana alikuwa na viatu vizuri.

Kikundi kilikutana baada ya kazi, pale pale bwawani, wamekalia kreti zilizogeuzwa. Mchanga ulikuwa bado na joto. Mama alisimama akasema pikapu wote wanaijua, mwenyewe wanamjua, na karatasi zimesomwa. Sasa msomaji aseme. Mweka hazina akaniambia, bila mzaha safari hii, "Sema kwa kifupi, mtoto wetu. Ndiyo au hapana. Punda wangu anangoja."

Nilijitahidi. Niliwaambia kwamba chesisi ya gari hiyo ilipata ufa mara mbili na mara mbili ikatengenezwa, na aliyesema hivyo ni mtu aliyeangalia. Kwamba tangu hapo hakijasemwa kitu, na aliyenyamaza hatujui kama aliangalia. Kwamba kunyamaza si sawa na kusema ni nzima. Kwamba pia si sawa na kusema imevunjika. Kwamba gari lililotengenezwa mara mbili mahali pamoja linaweza kuwa na nguvu kuliko jipya, au linaweza kuwa linangoja mzigo wa mwisho. Kwamba njia yetu ina lile korongo la kabla ya shule, na mizigo itakuwa ya nyanya nyuma na watu juu ya nyanya, kwa maana nilijua hakuna siku ambayo hapatakuwa na watu juu ya nyanya. Nilisema hayo na mengine zaidi. Bibi mmoja mzee alisinzia.

Nilipomaliza, mtu mmoja aliuliza kwa upole kama hiyo ilikuwa ndiyo.

"Sijui," nilisema. Ndilo neno la kweli nililokuwa nalo.

Mama alisema wainue mikono. Mkono wa mweka hazina ulikwenda juu wa kwanza, umenyooka, na vidole vimeachana. Mingine ikafuata, baadhi haraka, baadhi baada ya kutazamana. Wenye mashamba ya mbali kabisa na lami waliinua miwili, wakacheka wakashusha mmoja. Hata bibi aliyesinzia aliamshwa akainua. Kisha wote wakamgeukia mama.

Alikuwa amesimama na mikono yote miwili juu ya fundo la leso yake tumboni. Nilijua alivyoitaka pikapu ile. Nilikuwa nimemwona juzi yake akipima kwa hatua, akidhani hakuna amwonaye, nafasi kati ya ghala na ua, kama gari lingeweza kulala hapo. Nilitamani ainue. Nilitamani kwa moyo wote, na wakati uleule nilikuwa nikihesabu watu walioketi pale na kuwaweka mmoja mmoja juu ya kreti, ndani ya korongo.

Mikono ya mama haikutoka kwenye fundo.

Hakuna aliyeuliza, kwa sababu haiulizwi. Mikono ilishuka. Mweka hazina alisimama akajikung'uta mchanga. "Haya," alisema, "punda ameshinda uchaguzi." Watu walicheka wakaanza kuokota majembe. Lakini mama mmoja wa mashamba ya mbali alipita karibu nami bila kunitazama.

Mama alirudisha karatasi mjini mwenyewe. Aliniambia mzee alizipokea akamuuliza habari za nyumbani, na hakusema jingine. Pikapu ilinunuliwa na mfanyabiashara wa mbuzi wa barabara ya kwenda Wamunyu. Akiba ya kikundi ilibaki ikitafuta pikapu nyingine, na kila iliyopatikana ilikuwa na kasoro, mpaka bei zikapanda na watu wakachoka kutafuta. Wale wa mashamba ya mbali walirudi kwenye ndengu na mahindi. Nyanya za waliobaki ziliendelea kwenda kwa punda.

Mimi nilipata kazi, baada ya barua nyingi, ya ukarani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River. Mchana nilikula kwa mmoja wa kina mama wale wanaopika nje ya lango. Nyanya zake zilitoka mbali, upande wa pili wa Nairobi. Siku moja nilimuuliza kama angechukua za Mwala. Alisema aliwahi kuahidiwa, akangoja, hawakuja.

Nilikuwa nikienda nyumbani mwisho wa juma, na karibu kila safari niliiona pikapu ya bluu. Ilikuwa imejaa mbuzi, au mkaa, au mchanga wa ujenzi uliopandishwa hadi ukamwagika pembeni. Iliposimama mjini nilikuwa natafuta sababu ya kupita mbele yake nione stika. Mwaka wa kwanza stika ilikuwa mpya. Mwaka wa pili vilevile. Sikuweza kuona karatasi, kwa hiyo sikujua kama ni za alama moja moja au za mstari, na nilishangaa jinsi jambo hilo lilivyoniuma. Korongo la kabla ya shule ililivuka mara ngapi, sijui. Mweka hazina ndiye alikuwa akiniletea habari, kila tukikutana. "Digrii, gari yako imepita leo na mbuzi. Mbuzi wamekusalimia."

Nitaandika na hili, kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa nikitamani ivunjike. Niliwaza mahali: si korongoni, bali penye tambarare, mbele ya mji, gari tupu, dereva akishuka salama na kukuna kichwa. Ufa, nyuma kushoto. Nilikuwa nimeshachagua hata saa ya mchana. Halafu nafikiri, je, nikiwaza sana hivi na ikavunjika kweli penye watu? Basi naanza kuiombea isivunjike, na hivyo ndivyo safari ya nyumbani ilivyokwisha.

Siku tuliyoipanda, mama na mimi tulikuwa tumetoka mjini na mfuko wa mbolea na fungu dogo la waya, tumesimama kwenye njia panda ya kwetu tukingoja mkokoteni. Pikapu ilitupita, ikasimama, ikarudi nyuma. Mwenye mbuzi alitoa kichwa akamsalimu mama kwa heshima na kusema apande mbele. Kijana atakaa na mizigo. Mama alinitazama mara moja. Kisha akapanda.

Nyuma kulikuwa na mbuzi watano, jerikeni ya mafuta na gurudumu la akiba. Nilikaa upande wa kushoto, mgongo kwenye kona, juu kabisa ya mahali pale pa ufa. Nilikuwa sijawahi kuwa karibu na gari lile hivyo tangu nilale chini yake. Gari lilipoingia kwenye njia ya mawe nilisikia mlio, kifupi, wa chuma, kila tulipoingia kwenye shimo. Nikafikiri ni jerikeni. Niliivuta nikaipakata. Mlio ukaendelea. Nikaona pengine ni gurudumu, nikaweka mguu juu yake. Ukapungua, au mbuzi walikuwa wametulia. Tulipolishukia korongo nilishika ubao kwa mikono yote miwili. Ndani ya kabini, kupitia kioo cha nyuma, niliona kisogo cha mama, kimetulia, kikitikisika kidogo kwa mawe. Walikuwa wakizungumza na dereva. Nilimwona akicheka.

Tulishukia penye kijia cha kuingia nyumbani. Mama alishukuru, akakataliwa kulipa, akaulizia bei ya mbuzi. Dereva alipokuwa akisubiri ng'ombe wapite ili aingie barabarani, mama alinisogelea, akanikung'uta manyoya ya mbuzi begani.

"Umesikia nini?" aliuliza.

Sikujua kwamba alijua nilikuwa nikisikiliza. "Kuna kitu kinagonga," nilisema. "Inaweza kuwa gurudumu."

"Inaweza."

Ng'ombe walikuwa wengi. Nikamwambia kwamba wangeweza kuwa na pikapu hii miaka yote hii, kwamba nyanya zingefika, kwamba yule wa shamba la mbali hangeng'oa miche yake. Nikamwambia angeinua tu mkono, mimi nilisema sijui, sikusema hapana.

"Nilikusikia," mama alisema. "Nilisikia umesema hujui." Aliinama akashika mfuko wa mbolea upande wake, akangoja nishike wangu. "Ningeinua mkono, wewe ungelala? Kila siku ya soko ungekuwa barabarani unatungojea turudi. Ningekuwekea mkono juu ya komeo gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba sikulala hata hivyo. Lakini alikuwa ameshauinua mfuko, na mimi nikainua.

Ng'ombe walikwisha kupita. Pikapu iliondoka taratibu ikipandisha, na nikageuka kuitazama upande wa nyuma kushoto hadi ilipofika kwenye kona. Ilionekana imeinama kidogo upande huo. Lakini pale hata barabara yenyewe imeinama.